Tarumbeta Halinunuliwi kwa Macho

Juzi mlipita mbele ya nyumba yangu mkisindikiza harusi, nami nimekaa barazani na kikombe changu cha uji. Watu walicheza, vumbi likatimka, mambo yakapendeza. Lakini katika matarumbeta yenu moja lilikuwa linavuja. Nilimwita mwenye nalo, yule kijana mrefu wa shati la njano, nikamuuliza mlilipataje.

"Shikamoo, babu," akanijibu kwa adabu zote. "Tuliliona kwenye picha, tukalipenda, tukatuma mtu atuletee."

Marahaba, mjukuu wangu. Lakini kwa picha! Hata mbuzi wa kitoweo hamnunui kwa picha. Mnamshika mgongo, mnamfunua mdomo, mnamtembeza. Tarumbeta mtakalokaa nalo miaka na miaka mnalichukua kama anayeokota embe njiani.

Uji ukanipoa kwa hasira, nikaona heri niwaandikie. Mimi nilipuliza vyombo vya shaba katika bendi ya mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, miaka ile baada ya vita kuu ya pili. Baadaye bendi za makanisa, za shule na za wakulima wa pamba zikawa zinanichukua niwapimie vyombo kabla hawajatoa pesa. Nilifika Kahama, nilifika Shinyanga, nilifika hata mahali ambapo lori lilikataa kufika. Waliopata vyombo vizuri waliniita Masunga wa Matarumbeta. Wauzaji wa vibovu waliniita majina mengine, na hayo sitayaandika kwa sababu najua mtasoma mbele ya mama zenu.

Kazi yenyewe ya mgodini ilikuwa kusukuma vigari vya mawe. Muziki ulikuwa wa jioni na wa Jumapili. Bendi ilikuwa yetu sisi wafanyakazi, tumechangishana wenyewe: Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, na wengine waliotoka mbali kufuata kazi. Waislamu walikuwemo, Wakristo walikuwemo, na wale wa mizimu ya kwao walikuwemo, tena hao ndio waliopiga ngoma vizuri kuliko wote. Ukitaka kujua watu wanaelewana au hawaelewani, wape wimbo mmoja wapulize.

Mwalimu wetu alikuwa Baba Nkwimba. Nkwimba ni binti yake wa kwanza. Jina lake mwenyewe wengi hatukulijua na hatukulihitaji. Alikuwa mtoboa miamba, mtu wa kifua kipana, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi. Kupuliza alijifunzia jeshini wakati wa vita, akarudi na ujuzi huo badala ya mali. Alipuliza koneti, ile ndugu ya tarumbeta iliyo fupi na nene kidogo, na alipoianza asubuhi ya Jumapili hata wapishi waliacha sufuria zikaungua.

Kabla sijawaeleza alivyonifundisha kupima, ngoja niwacheke wenzetu waliopima bila kufundishwa. Mwaka mmoja bendi ilimtuma Ng'wandu akatununulie tarumbeta. Ng'wandu alikuwa mpiga ngoma yetu kubwa, na kabla ya mgodi alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Mnadani hakuna aliyemdanganya. Basi akafika kwa muuzaji, akapanga matarumbeta mstarini, akayazunguka kimya kimya. Akalichungulia kila moja mdomoni. Akalipiga kofi ubavuni. Mwisho akayanyanyua moja moja, akachagua lililokuwa zito kuliko yote, kwa sababu mnyama mzito ndiye mnyama mwenye afya.

Kumbe uzito ule ulikuwa wa viraka. Fundi mmoja wa zamani alikuwa ameziba matundu kwa risasi ya kuyeyusha, kiraka juu ya kiraka, mpaka tarumbeta likanenepa. Baba Nkwimba alilipuliza mara moja, akalitazama, akamtazama Ng'wandu.

"Ng'wandu," akasema, "sasa hili tulichinje, au tuliache lizae?"

Kicheko tulichoangua hapo kilisikika mpaka kwenye mashine za kusaga mawe. Ng'wandu naye alicheka, lakini tarumbeta lile likabaki kuwa kitu cha kuegemezea mlango wa chumba cha mazoezi. Mlango ulitulia, huo ndio wema wake pekee.

Sasa sikilizeni. La kwanza, nenda na kipulizio chako mwenyewe, kile kipande kidogo unachoweka mdomoni. Muuzaji mjanja ana kipulizio kimoja kizuri, na anakichomeka kwenye kila chombo kibovu alicho nacho. Ukipima vyombo vitatu kwa vipulizio vitatu hujui umependa chombo au umependa kipulizio. Halafu kuna suala la magonjwa. Kifua cha mtu hukijui, na maji ya moto hayapatikani kila duka.

Chombo kikiwa baridi, usikihukumu. Asubuhi ya kiangazi huku kwetu shaba inakuwa baridi mpaka inauma mdomo, na sauti yake inashuka. Wengi hupuliza cha kwanza kikiwa baridi, cha pili midomo yao ikiwa imeshachangamka, halafu wanasema cha pili ni bora. Pitisha pumzi ya joto ndani yake bila kukiliza, taratibu, kama unayepooza chai ya mtoto, ndipo uanze. Na uvipigie vyote wimbo uleule. Ukikipigia kimoja wimbo wa harusi na kingine wa msiba umejidanganya mwenyewe.

Kuvuja nako. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, lakini hawakuwa wapuliza tarumbeta. Chombo kinachovuja kinakula pumzi zako na hakikurudishii kitu. Baba Nkwimba alikuwa na njia yake: alivuta sigara, akaziba domo pana la mbele kwa kitambaa kilicholowa, akapuliza moshi ndani. Kisha akaangalia. Moshi hauna aibu, unatokea palipo na tundu hata kama pamepakwa rangi. Mimi sikuvuta sigara, basi nilipoanza kwenda peke yangu ilibidi nitafute mvutaji kila mji. Hawakukosekana.

Madoa mekundu kwenye shaba ya njano yaogopeni, hasa kwenye bomba jembamba la mwanzo. Hapo shaba inaliwa kutoka ndani, na usugue utakavyosugua hayatoki. Lakini mbonyeo kwenye domo la mbele usiwatishe. Vijana hukimbia chombo kwa sababu kimebonyea pale panapoonekana. Pale sauti imeshazaliwa tayari. Mbonyeo mdogo karibu na kipulizio ndio mbaya, na huo hauonekani vizuri, unautafuta kwa kidole.

Na msipige kwa nguvu tu. Kila chombo kinajua kupiga kelele. Kipige polepole, sauti ya kumbembelezea mtu, usikie kama kinaweza kunong'ona bila kukatika.

Kubwa kuliko yote ni hili, na hili Baba Nkwimba alilitoa kwenye ngoma za kwetu. Mnajua baada ya mavuno makundi mawili hukutana uwanja mmoja, yanaanza kwa pamoja, kila moja upande wake. Hakuna meza ya waamuzi. Watu ndio waamuzi, kwa miguu yao: wakihama kutoka kwako kwenda kwa mwenzako, umeshindwa, na jua likitua kila mtu anajua. Kwa hiyo chombo hakipimwi na anayekipuliza. Yeye anasikia kilicho chini ya pua yake. Kinapimwa na mtu aliye mbali, nje, asiyejua ni kipi kinachopigwa. Dukani chini ya bati hata debe ni tarumbeta.

Hayo yote nilikuwa nimeyajua, nikiwa nimeanza kusifiwa na kichwa kimeanza kuvimba kidogo, Baba Nkwimba alipovunja meno.

Aliyavunja kwa mfupa. Kulikuwa na sherehe, ng'ombe kachinjwa, na yeye alipenda uboho kuliko nyama. Mwenzake mmoja akamwambia, "Huo mfupa ni wa dume mzee, huuwezi." Mtu wa hasira za karibu! Akauingiza mdomoni. Sote tulisikia mlio, tukashangilia tukidhani ni mfupa. Ulikuwa mlio wa meno mawili ya mbele, ya juu. Alicheka pamoja nasi, damu kidevuni, akamaliza na uboho wenyewe.

Jumapili hatukucheka. Aliinua koneti, akaiweka mdomoni, ikatoka pumzi tupu. Kipulizio cha koneti ni kidogo, na ukingo wake ulikuwa unakaa palepale penye pengo. Mdomo ukazama ndani, hakuna cha kuushikilia. Akajaribu upande wa kushoto, akajaribu wa kulia. Akaishusha, akanipa mimi. "Endelea, Masunga," akasema, akatoka nje.

Siku zile ziliniuma sana, nawaambia wazi. Alikuja mazoezini akakaa pembeni. Tulimpa kengele ya kugonga, akaigonga mara mbili akairudisha kwa upole, na upole wake ndio uliotutisha. Mkewe, Mama Nkwimba, akaniambia kwamba mzee anafikiria kuacha mgodi na kurudi kwao Ibadakuli akachunge ng'ombe wa kaka yake. "Anasema baada ya mashindano ya Kharumwa anaaga," akasema. "Mimi sijawahi kumwona mume wangu ananyamaza namna hii. Nyumba imekuwa ya wageni."

Mashindano ya Kharumwa yalikuwa ya bendi mbili, yetu na ya mgodi jirani, kwa mtindo uleule wa ngoma: uwanja mmoja, watu wanachagua kwa miguu. Wenzetu walikuwa wamepata matarumbeta mapya. Sisi koneti yetu ilikuwa imepasuka penye kiungo. Michango yetu ilitosha chombo kimoja tu, na bendi ikaamua kiwe tarumbeta jipya la kunifaa mimi. Nikatumwa Shinyanga. Nikaomba niende na Baba Nkwimba, awe masikio.

"Masikio hayajang'oka," akasema. Hilo lilikuwa neno lake refu la wiki nzima.

Tulipanda lori la mpunga mpaka Kahama, tukapata jingine mpaka Shinyanga, tukafika weupe kwa vumbi. Muuzaji tuliyeelekezwa alikuwa Mhindi mmoja, Bwana Karim, mwenye duka la vitu vya kila aina karibu na njia ya reli. Nyuma ya duka palikuwa na uwanja ambapo wachuuzi walisubiri kupakia ng'ombe kwenye treni.

"Pigeni mtakavyo," Bwana Karim akatuambia, "ila mate msimwage juu ya vitambaa vyangu."

Alikuwa na tarumbeta jipya na koneti iliyotumika. Tarumbeta lile, jamani! Liling'aa nikajiona mpaka ndevu ambazo nilikuwa bado sijazinyoa. Vibonyezo vyake vilishuka na kupanda bila kukwama. Nililipuliza mle dukani, bati likaitikia, moyo wangu ukaondoka ukaingia ndani yake. Nilijitahidi nisilisifu, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Bwana Karim alinitazama usoni akatabasamu.

Tukatoka nje. Baba Nkwimba akavuka ng'ombe wote, akaenda kusimama upande wa pili, akanipa mgongo. Nikapasha moto, nikachomeka kipulizio changu, nikapiga wimbo wetu mmoja wa kulima, kwanza kwa koneti, kisha kwa tarumbeta, nikarudia kwa kugeuza zamu ili asibahatishe. Akarudi.

"Moja linakohoa," akasema.

Tukaomba moshi kwa mchuuzi mmoja wa ng'ombe. Koneti ikatoa moshi mahali pawili, na kwenye bomba la mwanzo nikaona madoa mekundu. Basi.

"Na jingine?"

"Zima kabisa. Halivuji, linakwenda juu bila kulalamika. Ila huku mbali limekuwa jembamba. Lakini bendi imetuma tarumbeta, na hilo ni tarumbeta. Lichukue."

Nikaingia dukani kuzungumza bei na Bwana Karim. Tulikuwa bado tunaulizana habari za watoto, kama ilivyo desturi kabla ya kubishana, mara nikasikia sauti nje. Haikuwa ya tarumbeta. Ilikuwa chini zaidi, pana, sauti ya mwanamume aliyeshiba na hana ugomvi na mtu. Ilikuwa inapiga wimbo wetu uleule.

Nikatoka mbio. Baba Nkwimba alikuwa ameketi juu ya gogo, amekumbatia baritoni. Kama hamjaiona, ni chombo cha ukubwa wa mtoto anayebebwa, unakipakata kifuani na domo linaangalia juu. Ile ilikuwa kuukuu, imebonyea domo lote kana kwamba imekanyagwa, na Bwana Karim aliitundika msumarini nyuma ya duka, ndani yake ameweka kamba za kufungia magunia. Baba Nkwimba alikuwa amezitoa kamba akaziweka vizuri pembeni. Kipulizio cha baritoni ni kikubwa. Ukingo wake ulilivuka lile pengo, ukakaa juu ya meno yaliyobaki pande zote mbili. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Aliponiona akaacha. "Nilikuwa najaribu tu," akasema.

"Hebu endelea."

"Masunga, tusichezee pesa za watu. Nimekuja kupima, sikuja kujinunulia."

"Nami nimekuja kupima," nikamwambia. "Endelea, mimi naenda upande wa pili."

Nikavuka ng'ombe, nikampa mgongo. Akapiga. Sauti ilinifikia nzima nzima. Halafu, ili haki itendeke, nikarudi nikapiga tarumbeta, na yeye akapiga tena baritoni, wote tumejificha nyuma ya ukuta. Upande wa pili nilikuwa nimemwacha yule mchuuzi aliyetupa moshi, mzee wa Kisukuma mwenye fimbo ndefu, tumemwomba atusikilizie. Tulipomfuata alikuwa bado anatikisa kichwa polepole.

"Mwangaluka, mzee," nikamwamkia kwa Kisukuma. "Umeonaje?"

"Mwangaluka, bana bane, wanangu. Mimi sijui mambo yenu," akasema. "Ile sauti kali inaniita. Nikiisikia nitakuja nione kuna nini. Lakini hii nyingine inaniimbisha. Nimeshtukia mdomo wangu umefunguka."

Na kweli, vijana wake walikuwa wanaimba wimbo ule kati ya ng'ombe, mikia na pembe pande zote. Tarumbeta lilipolia walikuwa wamesikiliza. Baritoni ilipolia waliimba, maana ilikuwa imewaachia nafasi, ipo pale pale sauti zao zilipo.

Nilikaa kwenye lile gogo nikafikiri. Tarumbeta lilikuwa langu, nilikwisha kulipachika jina moyoni. Nikienda bila tarumbeta nitasimama Kharumwa na koneti iliyopasuka. Lakini nilijua nikipanda lori na tarumbeta, huyu mtu ataenda Ibadakuli kuchunga, na mimi nitabaki napuliza nikimkumbuka. Nikaipapasa baritoni kwa kidole tangu kipulizio, bomba jembamba halikuwa na mbonyeo hata mmoja. Tukaivutia moshi, haukutoka popote. Yote mabaya yalikuwa domoni mbele, pale panapoonekana.

"Bwana Karim," nikasema, "nipe ile ya kamba."

"Ile?" akashangaa. "Kamba zangu nitaweka wapi?"

Baba Nkwimba alibisha kuanzia dukani mpaka kwenye lori. Kuanzia kwenye lori mpaka Kahama alinuna. Kutoka Kahama akaitoa kwenye gunia, akaipiga juu ya mpunga, na dereva akapunguza mwendo ili asikie.

Mapokezi ya mgodini sitayasahau. Bendi nzima ilikuja na nyimbo, Ng'wandu mbele. Nikafungua gunia. Nyimbo zikakoma.

"Masunga," Ng'wandu akasema, "tulikutuma tarumbeta umetuletea sufuria la msibani?"

"Inyanyue uipime uzito," nikamjibu, na wengine wakacheka, lakini si wote. Kulikuwa na maneno makali siku ile. Wengine walisema nimenunua huruma badala ya chombo, na tukishindwa Kharumwa nitalipia. Nikaichukua koneti ya zamani, nikauzungushia uzi ule ufa, nikapaka nta ya nyuki nene juu yake, nikasema inatosha.

Haikutosha. Kharumwa tulianza adhuhuri, jua la mwisho wa mavuno, uwanja umejaa watu kutoka vijiji vyote. Wenzetu wa mgodi jirani walianza na matarumbeta yao mapya, makali kama kisu, na watu wakamiminika upande wao. Sisi tukabaki na wake zetu na wazee wasiopenda kutembea. Nikakaza pumzi kwenye koneti. Nilipokuwa katikati ya wimbo wa tatu nikahisi kitu cha moto kinanitiririka kiganjani. Nta ilikuwa imeyeyuka! Ikanidondokea hadi kwenye kiwiko, uzi ukalegea, na koneti ikatoa mlio wa mtu aliyekanyagwa mguu, ikanyamaza kabisa.

Nilimtazama Baba Nkwimba, naye akanitazama. Alikuwa akipiga sauti ya chini tu, ya kunisindikiza. Bila mimi hapakuwa na wimbo. Ng'wandu akaninong'oneza juu ya ngoma, "Umetuua, Masunga."

Baba Nkwimba akafumba macho, akaacha sauti ya kusindikiza, akaushika wimbo wenyewe. Wimbo ule wa kulima, polepole, kana kwamba hakuna mashindano. Kwa muda mfupi kilikuwa chombo kimoja kizee na ngoma zetu. Kisha Mama Nkwimba akaanza kuimba. Jirani yake akaitikia. Mimi nami, mikono imejaa nta, ningefanya nini? Nikaimba, nikaruka, nikacheza kama kichaa. Wazee wasiopenda kutembea wakasimama. Wale waliokuwa ukingoni mwa kundi la wenzetu wakageuza vichwa, wakatega sikio, midomo ikaanza kuwacheza. Kule walikuwa wanasikiliza tu, huwezi kuimba juu ya matarumbeta matatu makali. Huku palikuwa na nafasi ya kila mtu mwenye koo.

Walikuja kwanza wachache, halafu kwa makundi, halafu mbio, akina mama na vigelegele vyao, vijana na majembe waliyokuwa wanayarusha juu na kuyadaka. Ng'wandu alipiga ngoma mpaka akalia. Mwishowe hata mpiga ngoma wa wenzetu alikuwa anapiga kwa mwendo wetu bila kujua. Jua lilipoanza kushuka, upande wa pili wa uwanja ulikuwa mweupe, watu wamekwisha.

Wimbo ulipokatika, kelele zilikuwa kubwa nikashindwa kumsikia aliye karibu yangu. Mama mmoja wa Kharumwa tusiyemfahamu alimfunga Baba Nkwimba kanga begani, "Wabeja, wabeja sana," akimshukuru kwa Kisukuma na kuondoka. Yeye alikuwa amesimama tu, anahema, ameikumbatia baritoni, midomo imevimba. Nikamsogelea. Sikujua nimpe mkono wenye nta au nimkumbatie, nikamkumbatia.

"Mwanangu," akaniambia sikioni, "unajua leo nilikuja kuaga?"

"Najua. Mama Nkwimba aliniambia."

Akautazama uwanja, watu wale wote wanaomsubiri aanze tena. Akacheka, pengo wazi, kicheko chake chote cha zamani.

"Basi Jumapili njoo mapema mazoezini," akasema. "Kuanzia sasa wimbo naushika mimi, na wewe utanifuata."

Nilimfuata mpaka mgodi ule ulipofungwa, na sikuwahi kumfikia.